Ukishuka kutoka Rurambo, uende hospitali gani? Kweli na si kweli

Huku Rurambo, milimani Uvira, mgonjwa asiyeweza kutembea hushuka mlima juu ya mabega ya watu. Mianzi miwili, blanketi moja, vijana wanne wakibeba na wengine wanne wakifuata ili wapokezane. Mvua ikinyesha udongo unateleza, na machela inalala upande. Safari kama hiyo isianzishwe kwa maneno ya kusikia tu. Basi tuyapime.

"Hospitali ya mbali ndiyo inayotibu vizuri." Si kweli kwa kila ugonjwa. Palu (malaria) ya kawaida hupimwa kwa tone la damu ya kidole na kutibiwa kwa vidonge palepale kwenye kituo cha afya. Fistula ni jambo lingine: mama anayevuja mkojo baada ya uzazi mgumu anahitaji daktari aliyezoea upasuaji huo, na kwa huyo Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Dokta Denis Mukwege mwaka 1999, inastahili safari ndefu.

"Milimani hakuna daktari wa maana." Si kweli. Mukwege mwenyewe alianza kazi Lemera, milimani kwetu hapa Uvira, mwaka 1983. Alikuja akitaka kutibu watoto. Akina mama waliofikishwa kwake wakitokwa na damu ndio waliombadilisha. Akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha akarudi Lemera.

"Kupitia kituo cha afya ni kupoteza muda." Si kweli, na neno hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto mdogo mwenye palu kali, aliyeshikwa na degedege au asiyeweza tena kunyonya, anaweza kupewa artesunate, dawa ya palu, ya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa kabla ya kuondoka. Haimponyi peke yake, lazima afike hospitali. Lakini inamwongezea nafasi ya kufika akiwa hai. Muuguzi ataandika pia karatasi ya transferi (rufaa): amepewa dawa gani, saa ngapi. Bila karatasi hiyo, daktari wa bondeni anaanza upya, usiku, na mtoto aliyezimia hawezi kumweleza kitu.

"Palipo na serumu ya mshipani pana matibabu." Si kweli. Anayeweza kunywa, anywe. Hata kipindupindu, tunachokijua sana Uvira, wengi hupona kwa kunywa maji yaliyokorogwa ORS, unga wa chumvi na sukari. Serumu ni ya aliyelegea kabisa.

"Bei kubwa, kazi nzuri." Si kweli.

"Mama aliyewahi kujifungua kwa kupasuliwa achague hospitali mapema." Kweli kabisa. Kovu la zamani linaweza kupasuka wakati wa uchungu, na hapo dawa ya kituo cha afya haitoshi. Mumewe au mama mkwe atangulie kwenda kuuliza: daktari wa upasuaji analala hapa? Damu ya kumwongezea ipo? Taa za chumba cha upasuaji zinawaka usiku? Na bei ni kiasi gani? Hili la mwisho msilionee haya, kwa maana kuna mahali mama huzuiliwa na kichanga chake mpaka deni limalizike. Majibu yakiridhisha, tafuteni ndugu anayekaa karibu na hospitali hiyo, mama akalale kwake wiki za mwisho. Hivyo atashuka mlima kwa miguu yake, mchana, polepole, akipumzika anapotaka.