MAISHA YA MGENI KATIKA MJI WA BERLIN

Tarehe 13 Septemba 2024, Serikali ya Kenya na Serikali ya Ujerumani zilitia sahihi mkataba juu ya watu wa Kenya wanaotaka kwenda kufanya kazi katika nchi hiyo ya Ulaya. Tangu hapo wazazi wengi wamekuwa wakiuliza habari zake. Habari za mshahara husimuliwa upesi, lakini namna mtu anavyoishi huko kila siku, kazi yake ikiisha, husimuliwa na wachache. Basi leo tutaeleza kidogo, na mji mkuu, yaani Berlin, utakuwa mfano wetu.

Kiswahili si kigeni kabisa mjini humo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyeandika habari za desturi za Waswahili, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na huko ndiko alikofia mwaka 1927.

Kuandikishwa na Amri za Nyumba

Mgeni akiisha kuhamia katika nyumba, sheria humpa majuma mawili kwenda kuandikisha jina lake na mahali anapokaa. Hapana budi achukue barua ya mwenye nyumba. Asipokuwa na hati ya kuandikishwa, atapata taabu katika mambo mengi, kama vile kufungua hesabu katika benki. Tena mwenye nyumba aweza kudai amana, lakini isizidi kodi ya miezi mitatu.

Ndani ya nyumba mna amri zake. Tangu saa nne za usiku mpaka saa kumi na mbili za asubuhi watu hutakiwa kunyamaza. Siku ya Jumapili karibu maduka yote hufungwa, kwa hiyo asiyenunua chakula Jumamosi huenda akalala na njaa. Taka hazitupwi ovyo: karatasi zina pipa lake, maganda ya vyakula lake, na vioo lake. Chupa nyingi za plastiki hulipiwa amana ya senti 25 dukani, nayo hurudishwa mtu akiirejesha chupa tupu. Mambo haya ni madogo, lakini jirani humpima mgeni kwayo.

Kazi na Fedha

Mshahara ulioandikwa katika mapatano ya kazi sio fedha zinazoingia mfukoni. Kwanza hukatwa kodi ya Serikali, bima ya ugonjwa na bima nyinginezo. Akiba ya uzeeni peke yake huchukua 9.3 katika kila 100, na mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Baadaye huja kodi ya nyumba na gharama ya kuipasha joto. Hata ada ya redio na televisheni, ambayo tangu mwaka 2021 imekuwa euro 18.36 kwa mwezi, hulipwa na kila nyumba, ijapokuwa haina redio.

Kinachosalia hugawanywa na jamaa waliobaki nyumbani. Katika mwaka 2024 Wakenya walioko nchi za nje walipeleka kwao zaidi ya dola za Marekani milioni 4,900. Fedha hizo zimesomesha watoto na kujenga nyumba nyingi, na ni haki kuwashukuru waliozituma.

Baridi na Upweke

Lakini kuna mzigo mwingine usioandikwa katika hesabu. Katika mwezi wa Desemba jua la Berlin huchomoza baada ya saa mbili za asubuhi, nalo hutua kabla ya saa kumi za jioni. Mtu huenda kazini gizani na kurudi gizani. Majirani humwamkia katika ngazi, kisha kila mmoja hufunga mlango wake. Hiyo si dharau, kwa kuwa desturi yao ni kwamba mtu hamtembelei mwenzake ila kwa miadi. Kwa mtu aliyelelewa mahali ambapo mgeni hupiga hodi saa yo yote na kukaribishwa chai, kimya hicho ni kizito kuliko baridi yenyewe. Na barua zote za kwao zikiwa za kuomba fedha tu, moyo wake waweza kuugua.

Mahali pa Kukutana

Dawa moja iliyo karibu ni muziki. Berlin ina okestra mashuhuri iitwayo Berliner Philharmoniker, iliyoanzishwa mwaka 1882. Jumba lake la zamani liliharibiwa kwa mabomu Januari 1944. Jumba la sasa, lililochorwa na Hans Scharoun, lilifunguliwa Oktoba 1963, nalo lina viti zaidi ya 2,200. Viti hivyo huwazunguka wapigaji pande zote, kama watu wetu wanavyowazunguka wachezaji wa ngoma uwanjani.

Asidhani mtu kwamba pahali hapo ni pa matajiri peke yao. Tangu mwaka 2007 kumekuwa na tamasha za mchana katika ukumbi wa kuingilia, ambazo hazina kiingilio. Hupigwa saa saba mchana kwa muda wa dakika 45 hivi. Makarani, wanafunzi na wazee wastaafu huketi sakafuni na katika ngazi, bega kwa bega. Mwezi wa Juni okestra hiyo hupiga pia nje, katika uwanja wa Waldbühne unaochukua watu zaidi ya 20,000, na wengi huja na vikapu vya chakula.

Adabu zake ni chache. Fika mapema, kwa maana milango hufungwa. Koti zito liache kwa watunzaji. Simu izimwe. Muziki mrefu hugawanywa sehemu mbili, tatu au nne, na watu hawapigi makofi kati ya sehemu na sehemu. Mgeni na angoje mpaka mwenye kuongoza ashushe mikono na wenziwe waanze kushangilia.

Na aliye na sauti afanye zaidi ya kusikiliza. Makanisa mengi yana kwaya zinazopokea waimbaji wasiolipwa, na mwezi wa Desemba baadhi yao huimba kazi kubwa ya Krismasi aliyoitunga Bach mwaka 1734. Mwenye kuhudhuria mazoezi kila juma hujifunza lugha, naye akikosa siku moja, yuko mtu wa kuuliza, “Yu wapi mwenzetu?” Swali hilo ndilo linalomtoa mtu katika ugeni.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Aliye mbali na kwao hana wa kumtunza mpaka ajulikane. Kwa hiyo, enyi wazazi, mkisikia kwamba mtoto wenu ametumia euro chache kwenda kusikiliza muziki, msimwandikie kwa hasira kwamba anapoteza fedha. Mwulizeni alisikia nini, na alikwenda na nani.