Maandamano: Polisi Huarifiwa, Hawaombwi Kibali

Mkazi anayetaka kuongoza maandamano ya amani mjini Kitale au Bungoma hahitaji kibali cha gavana, cha chifu wala cha polisi. Anachotakiwa kufanya ni kuwaarifu polisi mapema.

Haki hiyo imo katika Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010. Kila mtu anaweza kukusanyika, kuandamana, kugoma mbele ya ofisi na kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma, mradi awe mtulivu na asiwe na silaha. Zamani mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali. Mageuzi ya 1997 yaliondoa leseni, na mahali pake pakawa arifa.

Utaratibu umewekwa na Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Mwandalizi humpelekea mkuu wa kituo cha polisi cha eneo husika, yaani OCS, arifa ya maandishi. Ifike siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya maandamano. Ndani yake ataje:

• majina yake kamili na anwani ya mahali anapopatikana;
• tarehe na saa, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni;
• mahali pa mkutano au njia itakayofuatwa.

Ni vyema kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kituo. Msafara ukifuata barabara ya Kitale–Webuye hadi kuvuka mpaka wa kaunti, inafaa vituo vya pande zote mbili viarifiwe.

Ikiwa kundi jingine limekwisha kuarifu kuhusu mahali, siku na saa hiyo hiyo, OCS humjulisha mwandalizi, naye huchagua wakati au mahali pengine. Siku yenyewe, mwandalizi anatakiwa kuwepo mwanzo hadi mwisho na kusaidia kudumisha utulivu. Polisi wanaweza kuzuia maandamano ambayo hayakuarifiwa, au pakiwa na hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani.

Serikali ya kaunti haina mamlaka juu ya polisi, kwa kuwa usalama ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti huhusika pale kundi linapotaka kutumia uwanja wake, kama ule wa Masinde Muliro ulioko Kanduyi. Hilo ni ombi la uwanja, si kibali cha kuandamana.

Anayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu mara moja, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Muda huo ukiishia nje ya saa za korti, atafikishwa siku ya korti inayofuata. Malalamiko dhidi ya afisa wa polisi hupelekwa kwa mamlaka huru ya IPOA.

Ikiwa lalamiko ni kuhusu huduma za kaunti, kama vile soko, zahanati au ushuru, mwananchi anaweza pia kuwasilisha ombi rasmi katika Bunge la Kaunti. Kufanya hivyo hakumnyimi haki ya kuandamana.