ACHIA FIMBO, USIING'ANG'ANIE!

Wiki hii tunaongelea gofu. Usigeuze ukurasa! Najua utasema huo ni mchezo wa wazee wenye vitambi. Lakini nenda Gymkhana ya Dar au Lugalo kwenye kiwanja cha JWTZ, utakuta vijana walioanza kwa kubeba mikoba ya wakubwa, na leo wanapiga mpira wenyewe.

Nami nikajaribu mwaka jana, nikaumbuka. Niliwekeana dau na mshkaji: katika mipira 10, hata mmoja usiponyooka, namlipia nauli ya kwenda na kurudi Kibiti. Kila mpira ulianza vizuri, halafu ukakata kona kulia hadi vichakani. Nikaliwa! Kijana mmoja mbeba mikoba akacheka: "Braza, unaing'ang'ania fimbo. Iachie."

Niiachie? Nikadhani anataka niirushe.

Jibu nililipata nyumbani kwetu. Nilikwenda kwa mjomba, mvuvi wa delta ya Rufiji, kule Nyamisati wanakopandia boti za Mafia. Akanipa kimia nitafute kitoweo. Nikazungusha mwili, nikarusha, lakini vidole vikagoma kuachia. Kimia kikaenda, na mimi nikakifuata hadi kwenye maji, na mto ule una mamba! Mzee akanidaka ukosi wa shati.

"Mjomba wee, utakufa! Kiuno kitangulie, mikono ifuate, vidole vimalizie. Wavu unauachia, ila kamba inabaki mkononi."

Hapo ndipo nikamwelewa yule kijana. Kuachia fimbo ni kuruhusu kichwa chake kijigeuze chenyewe, huku mpini ukibaki mkononi.

Sasa sikiliza, kama unatumia mkono wa kulia:

Kwanza, shika mpini kama umeshika kifaranga: asikimbie, asife. Ukikaza, mikono haigeuki, uso wa fimbo unabaki wazi na mpira unakwenda kulia.

Pili, unaposhusha fimbo, anza na kiuno kugeukia unakopiga. Mikono isiwe na papara. Viganja vikiwahi kugeuka, mpira utakwenda kushoto.

Tatu, usiubetue mpira ili upae, fimbo yenyewe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Bingwa wa Marekani, Ben Hogan, alisisitiza katika kitabu chake cha 1957 kwamba kiganja cha kushoto kisipinde kurudi nyuma unapogonga. Ukishapita mpira, mkono wa kulia unapanda juu ya wa kushoto wenyewe.

Usijidanganye kwamba utarekebisha wakati unagonga. Fimbo na mpira vinagusana kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde!

Zoezi ni hili: bana miguu, piga kwa nusu ya nguvu, kisha simamisha fimbo ikifika usawa wa kiuno upande wa pili. Ncha ya kichwa chake ikitazama juu, umeachia. Huna fimbo? Ufagio wa mti mrefu unatosha, ila usimfagie jirani.

Juzi nimerudi kiwanjani. Kati ya mipira 10, minne imenyooka. Mshkaji nimeshamwambia tuweke dau jipya, na safari hii nauli ya Kibiti atatoa yeye. Mjomba namsubirisha na zawadi yake.

Haya, kazi kwako. Tukutane wiki ijayo!