KUUMWA NA KICHWA: JINA MOJA, MARADHI MENGI

Hakuna maradhi yatajwayo na watu wengi kuliko kuumwa na kichwa. Mkulima arudiye shambani jua la mchana likiwa kali hulalamikia kichwa. Karani aliyeinamia vitabu vya hesabu tangu asubuhi hulalamikia kichwa. Mama mwenye homa hulalamikia kichwa. Na kijana aliyelala na njaa vivyo hivyo. Wote hutumia neno moja, na mara nyingi wote hununua dukani vidonge vya namna moja.

Lakini neno hilo moja limefunika maradhi mengi yasiyofanana. Mengine hupoa yenyewe mtu akipumzika. Mengine hurudi mwaka baada ya mwaka na kumpokonya mtu siku zake za kazi. Na machache huweza kumwua mtu kwa muda wa saa chache tu. Kwa hiyo ni jambo la maana kwa kila nyumba kujua jinsi madaktari wanavyoyatenga maumivu haya na kuyapanga kwa aina zake.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Malaria hutambulikana kwa tone la damu, na mfupa uliovunjika huonekana katika picha. Lakini kwa aina nyingi za maumivu ya kichwa hakuna kipimo cha damu wala picha iwezayo kuonyesha ugonjwa. Daktari hutambua kwa kusikiliza maneno ya mgonjwa, kisha kumpima mwili na kuhakikisha kwamba hakuna sababu nyingine. Basi mgonjwa asemaye tu, "Kichwa chaniuma," na kunyamaza, amemnyima daktari sehemu kubwa ya msaada anaouhitaji.

MGAWANYO ULIVYOANZA

Kazi ya kuyagawanya maumivu haya ni ya zamani sana. Tabibu Aretaeus wa Kapadokia, aliyeishi yapata karne ya pili, aliyapanga kwa mafungu matatu: yapitayo upesi, yakaayo muda mrefu, na yashikayo nusu moja ya kichwa. Galen, tabibu mwingine mashuhuri wa karne hiyo, aliyaita haya ya mwisho kwa neno la Kiyunani lenye maana ya nusu ya fuvu, na kutokana na neno hilo watu wa Ulaya wakapata jina la migreni. Waswahili nao wana jina lao wenyewe, nalo ni kipandauso.

Mwaka wa 1962 kamati ya wataalamu wa Marekani, chini ya Daktari Arnold Friedman, ilitoa orodha ya aina za maumivu ya kichwa. Orodha hiyo ilisaidia, lakini ilieleza kila aina kwa maneno kama "kwa kawaida" na "mara nyingi," bila kuweka mipaka ya hesabu. Madaktari wawili waliweza kumwona mgonjwa mmoja na kumpa majina mawili mbalimbali. Kwa sababu hiyo Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa kiliunda kamati iliyoongozwa na Daktari Jes Olesen wa Denmark, na mwaka wa 1988 ukatolewa mgawanyo mpya wenye masharti yanayohesabika. Ulisahihishwa mwaka wa 2004, na chapa ya tatu ilitimia mwaka wa 2018.

Mgawanyo huo una sehemu tatu. Ya kwanza ni maumivu ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa, hayakuletwa na ugonjwa mwingine. Ya pili ni maumivu yaletwayo na jambo jingine, kama homa, jeraha au sumu. Ya tatu ni maumivu ya mishipa ya fahamu ya uso, na mengine yasiyoingia katika sehemu mbili za kwanza.

KIPANDAUSO

Ili daktari aseme kwa hakika kwamba mtu ana kipandauso cha kawaida, mtu huyo awe amekwisha kushikwa si chini ya mara tano. Kila mara maumivu yadumu kati ya saa 4 na saa 72 yasipotibiwa. Kisha daktari hutazama dalili nne: maumivu kuwa upande mmoja, kupiga kama mapigo ya moyo, kuwa ya kadiri au makali, na kuzidi mtu akitembea au akipanda ngazi. Zikipatikana mbili katika hizo nne, daktari huuliza tena: Je, mgonjwa husikia kichefuchefu au hutapika? Au je, mwanga na makelele vyote viwili humwudhi? Moja la mambo hayo likiwapo, na hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza zaidi, jina limepatikana.

Kwa masharti haya msomaji ataona kwamba si lazima kipandauso kishike upande mmoja. Huweza kushika kichwa kizima, na bado kikawa kipandauso, ikiwa dalili nyingine zatosha.

Wagonjwa wengine huona mambo ya ajabu kabla ya maumivu kuanza: nuru inayomeremeta, mistari iliyokatika kama meno ya msumeno, au doa lisiloonekana kitu ndani yake. Wengine hufa ganzi mkononi hata usoni, au maneno huwakwama. Dalili hizi huenea polepole, kwa dakika tano au zaidi, na kila moja hukaa kati ya dakika 5 na dakika 60, kisha huondoka. Mwaka wa 1941 mtaalamu wa Marekani, Karl Lashley, alichunguza doa lililokuwa likikua machoni mwake mwenyewe, akakadiria kwamba jambo fulani lilikuwa likitambaa juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita tatu hivi kwa dakika. Mwaka wa 1944 Aristides Leão wa Brazili, akichunguza ubongo wa sungura, alieleza wimbi la namna hiyo hasa. Kwa hiyo mtu aonaye mistari ya nuru hakurogwa, wala hana pepo. Ni kazi ya ubongo iliyopotoka kwa muda.

Kipandauso huwapata wanawake zaidi ya wanaume, yapata mara mbili hata tatu, na mara nyingi hufuata ukoo. Mama alalaye gizani siku nzima hali mlango umefungwa hudhaniwa kuwa mvivu. Afadhali jamaa zake wafahamu kwamba anaumwa kweli, hata kama kesho yake ataamka na kufanya kazi kama kawaida.

AINA NYINGINE MBILI

Aina iliyoenea kuliko zote ni maumivu ya kukaza. Mgonjwa husema kichwa kimebanwa kama aliyefungwa kamba au kitambaa. Huuma pande zote mbili, si kwa ukali mwingi, na kutembea hakuyazidishi. Hatapiki. Huweza kudumu nusu saa, au hata siku saba.

Aina nyingine haionekani mara nyingi, lakini ni kali mno. Maumivu huja kwa mfululizo, nyuma ya jicho moja au kando yake, kwa dakika 15 hata 180, na huweza kurudi hata mara nane kwa siku moja. Jicho la upande huo huwa jekundu na kutoa machozi, na pua huziba au kutoka kamasi. Hapa kuna tofauti ambayo hata jirani aweza kuiona: mwenye kipandauso hutaka kulala kimya gizani, lakini mwenye maumivu haya hawezi kutulia, huinuka, huketi, huzunguka chumbani.

YALETWAYO NA MAMBO MENGINE

Katika sehemu ya pili ya mgawanyo, kichwa ni mjumbe tu. Ugonjwa wenyewe uko kwingine. Malaria huanza mara nyingi kwa kichwa na homa, na haifai kuikisia wala kuituliza kwa vidonge vya maumivu. Ipimwe damu siku ile ile. Homa ya uti wa mgongo huleta kichwa kikali, homa, na shingo iliyokakamaa.

Katika nchi za baridi kama nyanda za juu za Kenya, yafaa kukumbuka jiko la makaa. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wa nyumba moja wakiamka wote wanaumwa na kichwa, na wakitoka nje wakapata nafuu, wasitafute mchawi. Wafungue milango, watoe jiko nje, na waende hospitali. Wengine walilala na jiko hilo wasiamke tena.

Shinikizo la damu nalo husingiziwa mara nyingi. Likiwa la kadiri, kwa kawaida halisikiki kichwani hata kidogo, na ndiyo sababu yampasa mtu kupimwa hata kama haumwi. Likipanda sana, 180 juu ya 120 au zaidi, hapo huweza kuleta kichwa, na ni jambo la haraka.

Kisha kuna aina moja ya kusikitisha, iletwayo na dawa yenyewe. Mtu mwenye kipandauso au maumivu ya kukaza, akimeza vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa muda upitao miezi mitatu, huweza kuanza kuumwa karibu kila siku. Kwa vidonge vilivyochanganywa dawa mbili au tatu pamoja, siku 10 kwa mwezi zatosha kuleta balaa hiyo. Naye kwa kuwa anaumwa, humeza tena. Dawa yake ni kupunguza vidonge kwa shauri la daktari. Siku za kwanza huwa ngumu, lakini wengi hupata nafuu baadaye. Na kwa wale washikwao na kipandauso mara kwa mara, ziko dawa za kuzuia, ambazo hunywewa kila siku kwa agizo la daktari.

DALILI ZISIZONGOJA

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja ikiwa maumivu yamempiga ghafula kama radi na kufikia ukali wake wote kwa dakika moja. Ikiwa ana homa na shingo ngumu. Ikiwa ameanguka au amepigwa kichwani. Ikiwa ana kifafa, anasema ovyo, hawezi kuamka vema, au upande mmoja wa mwili umelegea. Vivyo hivyo mama mja mzito mwenye kichwa kikali, hasa akiona ukungu machoni au akivimba uso na mikono. Mtu aliyepita miaka 50 aliyeanza kuumwa kwa namna mpya, na mtu mwenye virusi vya Ukimwi, nao wasikawie.

DAFTARI LA SENTI CHACHE

Kwa wengine wote, msaada mkubwa ni daftari dogo. Kila siku ya kuumwa, mgonjwa aandike tarehe, saa maumivu yalipoanza na yalipokwisha, upande ulioumwa, kama yalipiga au yalibana, kama alitapika, kama alichukia mwanga, na vidonge alivyomeza. Mwanamke aandike pia siku zake za mwezi. Asiyejua kuandika aweza kumwomba mtoto aliye shuleni amwandikie. Baada ya miezi miwili daftari hilo litamweleza daktari mambo ambayo mgonjwa mwenyewe amekwisha kuyasahau, na labda litaonyesha kwamba mtu mmoja ana aina mbili za maumivu, kila moja na dawa yake.

Wazee walisema kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua. Mwenye kichwa aghalabu hafichi. Hulalamika mbele ya kila mtu. Linalobaki ni ayaeleze maumivu yake kwa ukamilifu, mbele ya yule awezaye kumsaidia.