Difu na Komeo Lake: Kutafsiri Amri kwa Dereva

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia wafasiri mara kwa mara ni vitabu vya maelekezo ya magari. Aghalabu kazi hiyo huhesabiwa kuwa nyepesi, kwa kuwa haina fasihi wala falsafa ndani yake. Lakini vitabu hivyo vimejaa amri, na amri iliyotafsiriwa vibaya hutekelezwa vibaya. Makala haya yanachunguza kifaa kimoja tu cha magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, nacho ni kile kinachoizuia difu isigawanye mwendo. Tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi yake haiwezi kuchaguliwa kabla mfasiri hajaelewa kazi yake.

Tuanze na difu yenyewe. Neno hili limekwisha kuzoeleka vinywani mwa mafundi na madereva, na hapana haja ya kubuni "kitofautishi" mahali pake. Difu ni mkusanyo wa gia unaopokea nguvu ya injini na kuigawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja, huku ukiyaruhusu yazunguke kwa kasi zisizolingana. Haja ya kufanya hivyo huonekana kwenye kona. Tuchukue gari ambalo umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni mita 1.5. Likigeuka kwa pembe mraba, gurudumu la nje husafiri karibu mita 2.4 zaidi ya lile la ndani. Lau magurudumu hayo yangeunganishwa kwa chuma kimoja, moja lingeburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya utaratibu wa namna hii mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke.

Wema huo wa difu ndio udhaifu wake matopeni. Difu ya kawaida huyapa magurudumu yote mawili nguvu sawa ya kuzungusha. Gurudumu lililo katika utelezi huhitaji nguvu kidogo sana ili lizunguke. Basi na mwenzake aliye pakavu hupewa kidogo hicho hicho, kisichotosha kulisogeza gari. Moja huzunguka bure, la pili husimama. Ndiyo maana hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne laweza kukwama, iwapo gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yamekosa mshiko. Tena tuangalie hapa kosa la kuandika "gari la magurudumu manne" tu. Takriban kila gari lina magurudumu manne. Linalotofautisha ni idadi ya yale yanayosukuma.

Kifaa tunachokizungumzia huziunganisha shafti mbili za ekseli zikazunguka kama chuma kimoja. Hapo gurudumu lililo pakavu hupata nguvu yote ambayo ardhi yake inaweza kuistahimili, na gari hutoka. Baadhi ya magari yana difu ya tatu, iliyo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Range Rover ya mwaka 1970 na Land Rover One Ten ya mwaka 1983 zilikuwa na kifaa hiki kwenye difu ya kati. Katika Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, zimo zenye kifaa hiki kwenye difu ya mbele na ya nyuma. Kwa hiyo mfasiri hana budi kutaja ni difu ipi: ya kati huunganisha mbele na nyuma, zile nyingine huunganisha kushoto na kulia.

Sasa tukiite nini kifaa hiki? Neno linalojitokeza kwanza ni "kufunga". Lakini katika lugha ya gereji, kufunga ni kukiweka chombo mahali pake na kukaza boliti: fundi hufunga injini, hufunga giaboksi, na hufunga difu. Amri isemayo "Hakikisha difu imefungwa kabla ya kuingia matopeni" itampeleka msomaji chini ya gari na spana mkononi. Neno la pili ni "kufuli". Hilo linaeleweka, ila kufuli hutiwa kwa nje na huashiria ulinzi dhidi ya mwizi. Neno la tatu ni "komeo", yaani kipande kinachosukumwa ndani ya mlango kikauzuia usifunguke, kisha kikarudishwa kwa urahisi. Katika difu nyingi za aina hii, kola yenye meno husukumwa ikashikana na meno mengine. Kazi na umbo vinapatana. Kwa hiyo tunapendekeza "komeo la difu".

Kuhusu kitenzi, Kiswahili kina jozi nzuri ya "komea" na "komoa". Hata hivyo, jozi hiyo inatenganishwa na irabu moja tu, na kosa dogo la mpiga chapa litaigeuza amri kuwa kinyume chake. Isitoshe, kumkomoa mtu ni kumtia adabu kwa hasira. Basi katika maandishi ya amri ni salama zaidi kuandika "tia komeo" na "ondoa komeo".

Tahadhari hii si ya bure. Hebu tuzitazame amri zenyewe:

1. Tia komeo kabla ya kuingia mahali pabaya, gari likiwa limesimama au likienda polepole sana. Usitie gurudumu likiwa linazunguka bure, maana meno yanaweza kuvunjika.

2. Kama gari lina makomeo mbele na nyuma, tia la nyuma kwanza. La mbele hufanya usukani uwe mzito na gari likatae kugeuka.

3. Jihadhari kwenye mteremko wa ubavu. Magurudumu yote mawili ya ekseli yenye komeo yakiteleza pamoja, gari huweza kwenda upande.

4. Ondoa komeo mara ufikapo kwenye ardhi ngumu. Katika lami, gari lenye komeo hugoma kukata kona, tairi huliwa, na shafti huweza kukatika. Taa ya onyo isipozimika papo hapo, endesha polepole mbele kidogo hadi meno yaachiane.

Dereva aliyesoma "fungua difu" mahali pa "ondoa komeo la difu" hatajua afanye nini katika amri hiyo ya nne, ambayo ndiyo inayolinda maisha ya abiria wake.

Istilahi zinazopendekezwa, kwa kuzingatiwa na wasomaji:

Difu: mkusanyo wa gia unaogawa nguvu na kuruhusu kasi zisizolingana.

Difu ya mbele, ya kati, ya nyuma: difu kwa mahali pake.

Komeo la difu: kifaa kinachoizuia difu isigawanye mwendo.

Tia komeo, ondoa komeo: amri mbili za kukitumia.

Walimu wa ufundi na wafasiri wanaombwa wazijaribu istilahi hizi mbele ya madereva wenyewe, kwani wao ndio watakaozitii.