Mbwa Aking'ata Mtu, Usimuue Haraka



Siku moja, katika darasa la jioni la kijiji kimoja cha Wilaya ya Songea, mama mmoja alichelewa kufika. Tulikuwa tunasoma habari za palizi ya mahindi. Alipoingia alisema, "Samahani mwalimu. Mwanangu kang'atwa na mbwa wa jirani. Lakini vijana wamekwisha mmaliza yule mbwa, wamemtupa mtoni."

Wenzake wakasema, "Afadhali!"

Mimi sikusema afadhali. Niliuliza, "Je, mbwa yule alikuwa mzima au mgonjwa?" Hakuna aliyejua, na sasa hapakuwa na njia ya kujua. Mtoto alipelekwa hospitali, akachomwa sindano zote. Leo ni mzima. Lakini nauli ya kwenda mjini na kurudi, safari baada ya safari, ilitoka kwenye mahindi ya chakula.

Wengi wetu tukisikia kwamba mbwa aliyeng'ata mtu afungwe siku kumi, tunadhani ni adhabu. Wengine wanasema, "Mbona mnamlisha mbwa mbaya?" Sivyo. Anafungwa ili tujue ukweli.

Kichaa cha mbwa huletwa na kijidudu kidogo sana, ambacho macho hayawezi kukiona. Mbwa akiambukizwa, kijidudu hicho hupita katika mishipa ya fahamu, polepole, mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi. Kikifika kwenye ubongo, ndipo huingia katika mate. Na mbwa ambaye mate yake yana kijidudu hicho hana maisha marefu. Siku chache tu ataugua, kisha atakufa.

Sasa fanya hesabu. Kama mbwa alikuwa na ugonjwa katika mate siku ile aliyong'ata, hawezi kumaliza siku kumi akiwa mzima. Siku ya kumi ikifika naye anakula na kutikisa mkia, basi hakumwambukiza mtu siku ile. Hiyo ndiyo sababu ya siku kumi. Ukimuua siku ya kwanza, umeua shahidi.

Lakini sikiliza vizuri hapa, maana watu wamepoteza maisha kwa kukosea jambo hili. Mbwa ndiye anayengojewa siku kumi. Mtu hangoji! Aliyeng'atwa aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Usipake majivu wala mafuta. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo. Chanjo haipatikani katika kila zahanati, kwa hiyo huenda akaelekezwa mbele zaidi. Siku ya kumi mbwa akiwa mzima, mganga anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Ugonjwa ukishaanza kuonekana kwa mtu, akaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, ni nadra sana kupona.

Mbwa afungwe namna gani? Afungwe kwa mnyororo au kamba imara, au awekwe katika banda lenye mlango, mbali na watoto na wanyama wengine. Apewe chakula na maji kwa kusogezewa, bila kumshika. Taarifa ipelekwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na kwa afisa mifugo. Mwenye mbwa asimchinje, asimuuze, asimpeleke kwa shemeji yake kijiji cha pili ili kukwepa maneno.

Mzee mmoja darasani aliniuliza, "Mwalimu, huyu mbwa ananilindia shamba. Ngedere na nguruwe wamezidi. Akifungwa siku kumi, analinda nani?" Nikamjibu, "Utalinda wewe, mzee wangu." Darasa likacheka, naye akacheka. Ni kweli ni usumbufu, sikatai.

Katika siku hizo mtazame. Je, sauti imebadilika? Anatokwa na udenda? Anang'ata vijiti na mawe? Kuna kichaa kingine cha kimya, ambacho mbwa hafanyi fujo. Taya linalegea tu na anashindwa kumeza. Watu hudhani amekwamwa na mfupa, wanaingiza mkono mdomoni kuutoa. Usithubutu! Mwite afisa mifugo. Mbwa akifa, kichwa chake kinahitajika kwa uchunguzi wa maabara. Kwa hiyo hata yule mbwa mwenye kichaa cha wazi, anayezurura na kung'ata ovyo, ambaye lazima auawe, asipigwe kichwani. Ubongo ukipondwa, uchunguzi unakuwa mgumu.

Na kuna mbwa wa namna nyingine: yule ambaye yeye mwenyewe ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Huyo siku kumi hazimtoshi, kwa sababu ugonjwa unaweza kujificha kwa miezi. Afisa mifugo ndiye ataamua kama auawe au atengwe kwa muda mrefu. Kutenga huko ndiko kunaitwa karantini. Neno hilo asili yake ni Italia, ambako zamani meli zilizotoka kwenye magonjwa zilizuiwa siku 40. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inawapa wataalamu wa mifugo uwezo wa kuzuia wanyama wasitoke wala wasiingie mahali penye ugonjwa.

Mbwa akichanjwa kila mwaka, shida hii yote hupungua. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010, na ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoweka tena.

Je, na mbuzi na ng'ombe wanaozurura na kula mazao? Hao hukamatwa chini ya sheria ndogo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji ukazijadili, kisha Halmashauri ya Wilaya ikaziidhinisha. Bila kibali hicho, faini haina nguvu. Ukikuta mbuzi shambani, usimkate panga. Mpeleke ofisi ya kijiji, na hasara ipimwe mbele ya mashahidi. Mwenye mbuzi akilipa, apewe stakabadhi. Mgambo akidai fedha bila stakabadhi, mkatalie kwa adabu, umwambie mwende pamoja kwa Mtendaji.

Sheria ndogo za kijiji chako si siri. Nenda ofisini, omba uzione, na uzisome wewe mwenyewe. Tazama zinasema nini juu ya mbwa. Kama hazisemi kitu, lipeleke jambo hilo katika mkutano mkuu ujao.