Insha ya Mjadala: Kupima Maoni Yanayokinzana kwa Mfano wa Rolakosta za Kupaa

Swali linaloanza kwa kauli fulani na kumalizika kwa neno "Jadili" ni la kawaida katika karatasi ya insha. Huonekana jepesi, na kwa sababu hiyo huwaponza wengi. Mtahiniwa huorodhesha hoja za kuunga mkono, akaorodhesha za kupinga, kisha akahitimisha: "Kwa hivyo, kila mtu ana maoni yake." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haisemi lolote. Mtahini alijua tangu mwanzo kwamba watu hutofautiana. Alichotaka kujua ni kwa nini wanatofautiana, na wewe umesimama wapi.

Katika somo hili utajifunza swali moja litakalokuokoa: Huyu anayesifu na yule anayelaumu, je, wanapima kitu kimoja? Tutalitumia katika jambo ambalo huenda hujawahi kuliona kwa macho, yaani rolakosta za kupaa. Jambo hilo limechaguliwa makusudi. Kwa kuwa huna upande uliouzoea, utaweza kupima hoja zenyewe.

A. Rolakosta ya kupaa ni nini?

Rolakosta ni treni ndogo ya burudani inayopandishwa juu ya reli ndefu, kisha ikaachwa iteremke kwa kasi, ikipinda na kujigeuza. Katika rolakosta ya kawaida abiria huketi kama anavyoketi garini. Katika rolakosta ya kupaa, abiria hulazwa kifudifudi chini ya reli, uso ukitazama ardhi na kichwa kikitangulia, ili ajihisi kama ndege anayepaa.

Ya kwanza ya aina hii iliitwa Skytrak. Ilifunguliwa mwaka wa 1997 mjini Manchester, Uingereza, na haikudumu. Mwaka wa 2000 kampuni ya Vekoma ya Uholanzi ilifungua Stealth huko California, Marekani. Humo abiria alipandishwa mlimani akiwa chali, kisha reli ikamgeuza akawa kifudifudi kabla ya kuteremka. Mwaka wa 2002 kampuni ya Bolliger & Mabillard ya Uswisi ilileta mbinu nyingine katika bustani ya Alton Towers, Uingereza, kwa rolakosta iliyoitwa Air. Abiria huketi kwanza, hufungwa kizuizi cha kifuani na vishikizo vya miguuni, ndipo kiti chote kinapoinuliwa hadi alale kifudifudi.

Baadaye zilijengwa kubwa zaidi. Tatsu, iliyofunguliwa mwaka wa 2006 huko California, ina kimo cha mita 52 na kasi ya kilomita 100 hivi kwa saa. The Flying Dinosaur ya Osaka, Japani, ilifunguliwa mwaka wa 2016 ikiwa na reli ya zaidi ya mita 1,100. Mwaka wa 2020 Ujerumani ilifungua F.L.Y. yenye reli ndefu kuliko hiyo.

B. Wanaozisifu husema nini?

Hoja yao ya kwanza ni hisia ya kupaa. Hakuna sakafu wala kiti mbele ya macho. Miti, maji na paa za nyumba hupita chini ya uso wa abiria. Wanasema kwamba rolakosta nyingine humwendesha mtu, lakini hii humpa mbawa.

Hoja ya pili ni upya wa miondoko. Mfano unaotajwa sana ni kitanzi cha pretzeli, kilichopewa jina la mkate wa Kijerumani uliosokotwa. Treni huzama kichwa mbele, hupita chini kabisa ya kitanzi abiria akiwa chali, kisha hupanda na kumrudisha kifudifudi. Katika Tatsu kitanzi hiki kina kimo cha mita 38 hivi, na wapenzi wa michezo hii hukitaja kama kilele cha safari nzima.

Hoja ya tatu ni kwamba rolakosta ya kupaa si lazima iwe kali. Air ina kimo cha mita 20 tu na kasi ya kilomita 75 hivi kwa saa. Wanaoipenda husema kwamba utulivu wake ndio uzuri wake, kwani ndege halisi hapai kwa kurushwarushwa.

C. Wanaozilalamikia husema nini?

Lalamiko la kwanza ni mkao. Mtu aliyelala kifudifudi akiwa amening'inia hubebwa na kizuizi cha kifuani badala ya kiti. Kifua, tumbo na mabega huchoka, hasa treni inaposimama ikingoja kuingia kituoni. Baadhi ya rolakosta ndogo za aina hii zimelaumiwa kwa kuwatikisa na kuwabana abiria.

Lalamiko la pili ni nguvu inayombana mtu chini ya kitanzi cha pretzeli. Treni inapobadilisha mwelekeo kutoka kuzama hadi kupanda, mwili hutaka kuendelea kwenda chini, nacho kiti huusukuma urudi juu. Umewahi kuhisi jambo la aina hiyo ndani ya matatu inapokata kona kwa kasi, ukajikuta umebanwa ubavuni. Ikiwa nguvu hiyo ni mara tatu ya uzito wa kawaida, mwanafunzi wa kilo 50 atajihisi kama ana kilo 150. Kwa muda mfupi kifua huwa kizito na kuvuta pumzi huwa kazi.

Lalamiko la tatu ni foleni. Kuwafunga abiria, kukagua vizuizi na kuinua viti huchukua muda. Ndiyo maana Air na Tatsu zilijengewa majukwaa mawili ya kupakilia, ili treni moja ipakiwe nyingine ikiondoka.

Lalamiko la nne linahusu Air yenyewe: kwamba ni ya polepole mno. Tazama vizuri hapa. Utulivu uliosifiwa katika sehemu ya B ndio unaolaumiwa katika sehemu ya C.

D. Kwa nini maoni yanatofautiana?

Hapa ndipo penye alama. Sababu kuu ni nne.

1. Wanapima vitu tofauti. Anayesema "Tatsu ni tamu" anapima msisimko. Anayesema "Tatsu inaumiza" anapima starehe ya mwili. Kauli hizo hazipingani. Zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa mtu yuleyule katika safari ileile.

2. Walitarajia mambo tofauti. Aliyeingia Air akitaka kupaa kwa upole alitoka ameridhika. Aliyeingia akitafuta kishindo alitoka amenuna. Reli ni ileile. Kilichotofautiana ni kilichobebwa moyoni kabla ya kupanda.

3. Hawakuwa mahali pamoja. Abiria wa safu ya mbele huona ardhi na mbingu bila kizuizi. Wa nyuma huona pia viti na miguu ya waliomtangulia. Tena, miili haifanani: kizuizi kinachomtosha mrefu huweza kumbana mfupi, au kinyume chake.

4. Wanazungumzia mashine tofauti kwa jina moja. Mtu aliyepanda rolakosta ndogo yenye kutikisa akisema "rolakosta za kupaa hazifai," anazihukumu zote kwa moja. Mwenzake aliyepanda The Flying Dinosaur anamshangaa. Hapa wanahitaji kwanza kukubaliana wanasemea ipi.

Kisa cha Air kinaonyesha sababu hizi zikifanya kazi pamoja. Mwaka wa 2016 ilipewa jina jipya, Galactica, na abiria wakavishwa miwani ya kidijitali iliyowaonyesha safari ya angani. Waliopenda hadithi na picha waliipokea. Waliopenda kupaa kwenyewe waliuliza: kwa nini nifunikwe macho nisione miti inayopita chini yangu? Wengine walilalamika kwamba kuvaa na kusafisha miwani kuliongeza kungoja. Miaka michache baadaye miwani iliondolewa. Ukiandika kwamba "wengine waliipenda, wengine hawakuipenda," umesema kweli tupu. Ukiandika kwamba miwani iliongeza hadithi lakini ikapunguza hisia ya kupaa, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya kuijenga rolakosta hiyo, umetoa hukumu yenye sababu.

E. Kutoka maoni hadi aya ya insha

Chukua swali hili: "Burudani za kisasa zinawadhuru vijana kuliko zinavyowafaidi." Jadili.

Aya dhaifu: Burudani za kisasa ni mbaya. Kwa mfano, rolakosta ni hatari sana na watu wengi hawazipendi. Lakini wengine wanazipenda. Kila mtu ana maoni yake.

Aya bora: Wapo wanaodai kwamba burudani za kisasa huutesa mwili. Hutoa mfano wa rolakosta za kupaa, ambazo humning'iniza abiria kifudifudi hadi kifua kikachoka. Dai hili lina uzito kwa mtu anayetafuta starehe. Hata hivyo, maumivu ya muda mfupi si sawa na madhara. Mwanariadha pia huchoka kifua, wala hatusemi kwamba riadha inamdhuru. Kwa hiyo, mfano huu unathibitisha kwamba burudani hizi hazimfai kila mtu. Hauthibitishi kwamba zinawadhuru vijana.

Angalia hatua nne za aya ya pili: imetaja dai, imetoa mfano mahususi, imekiri nguvu ya dai, kisha imeonyesha mpaka wake. Fuata mpangilio huo kwa kila hoja. Baada ya kujadili pande zote mbili, toa msimamo wako katika hitimisho.

F. Tahadhari

(i) Tenga ukweli na maoni. "Tatsu ilifunguliwa mwaka wa 2006" ni ukweli unaoweza kuhakikishwa. "Tatsu inachosha" ni maoni. Maoni hayakatazwi, lakini yataje kuwa ni ya nani na yametokana na nini.

(ii) Usidai umepanda usichokipanda. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tumia maneno kama "waliopanda husema" au "inadaiwa kwamba." Unyofu huo hauidhoofishi insha, huipa heshima.

(iii) Usitumie methali kufunga mjadala ambao hujaufanya. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake" inafaa kufungulia hoja kuhusu tofauti za watu. Ukiiweka mwishoni badala ya msimamo, umerudi kulekule kwa "kila mtu ana maoni yake."

(iv) Usibuni takwimu. Mfano mmoja ulioueleza vizuri hushinda asilimia uliyoitunga.

G. Mambo ya kukumbuka

• Kabla ya kuandika, andika pembeni: nani anasema, anapima nini, alitarajia nini, anasemea kitu kipi.
• Maoni mawili yakionekana kupingana, chunguza kwanza kama yanazungumzia jambo moja.
• Yakigunduliwa kuwa yanapingana kweli, linganisha sababu, si idadi ya wanaoyashikilia.
• Hitimisha kwa msimamo wenye mipaka: jambo hili linafaa kwa nani, lini, na kwa sharti gani.

H. Zoezi

1. Kwa mujibu wa kifungu, eleza tofauti kati ya namna abiria walivyopakiwa katika Stealth na katika Air. (alama 2)
2. "Utulivu wa Air ni sifa na ni dosari." Fafanua kauli hii. (alama 3)
3. Ukirejelea sehemu ya D, taja sababu inayoeleza tofauti kati ya maoni haya: "Nilifurahi kwa sababu niliona kila kitu chini yangu" na "Niliona miguu ya watu tu." (alama 1)
4. Ainisha kauli hizi kuwa ukweli au maoni: (a) F.L.Y. ilifunguliwa mwaka wa 2020. (b) Kitanzi cha pretzeli ndicho kilele cha safari. (alama 2)
5. Andika aya moja ya mjadala kuhusu kauli hii: "Simu hazifai kuruhusiwa katika shule za bweni." Zingatia hatua nne za sehemu ya E. (alama 6)

Unapojibu swali la 5, utagundua kwamba safari hii una upande uliouzoea. Andika kwanza hoja nzito kuliko zote ya upande usioupenda, uieleze kama ambavyo mwenye nayo angetaka ielezwe, ndipo uijibu.